Mkono Ndani ya Trei

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, nilikuwa na kazi moja ambayo wenzangu wengi waliitamani. Nilivaa beji yangu ya kiranja wa afya, nikachota ndoo sita za maji kutoka kwenye tangi la mvua nyuma ya madarasa, nikalijaza pipa la bluu lililokaa kwenye baraza la darasa la kwanza. Kisha nilitia vidonge viwili vya dawa ya maji, nikafunika, nikasubiri nusu saa. Mwisho nilichukua daftari lililoning'inizwa kwa uzi kando ya pipa, nikaweka alama ya vema kwenye tarehe ya siku ile.

Mdogo wangu alisoma darasa la kwanza. Nyumbani tulimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye wa mwisho, na yeye alilichukua jina hilo kama cheo. Wenzake walisukumana na vikombe vyao, lakini yeye hakunywa kabla ya kuniuliza.

"Dada, yako tayari?"

"Tayari," nilimjibu, naye akanywa.

Afadhali niseme ukweli mapema. Siku moja nililisahau kopo la vidonge dirishani, wazi, mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi nilikuta uji mweupe wenye harufu ya kuchoma pua. Kopo lile tulipewa na nesi wa zahanati litutoshe muhula mzima, na alinikabidhi mimi mbele ya shule nzima huku watu wakipiga makofi. Ningemwendea kwa uso gani? Nilijiambia nitasema kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Nililificha kopo katika chumba cha sayansi, na daftarini nikaendelea kuweka vema, vema, vema. Kufikia wiki ya tatu mkono wangu ulikuwa umezoea. Niliweka alama hata bila kuitazama.

Chumba cha sayansi zamani kilikuwa stoo ya majembe. Vioo vya madirisha vilipakwa chokaa ili jua lisiharibu dawa zilizopangwa rafuni, hivyo mwanga wa ndani ulikuwa mweupe usio na vivuli, na mtu akiongea sauti yake ilirudi kidogo. Kwenye pembe ilisimama sanamu ya kiwiliwili cha binadamu, nusu ya uso ina ngozi na nusu haina. Viungo vyake vilitolewa na kurudishwa, isipokuwa ini, ambalo lilipotea kabla sisi hatujazaliwa. Kidomo, jirani yangu wa dawati, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukupata likizo, alisema sanamu ile inatafuta ini lake na haichagui la nani. Nililificha kopo nyuma yake kwa sababu nilijua hakuna atakayethubutu kuchungulia.

Jumatatu ya wiki ile ya tatu, Mwalimu wa sayansi alituingiza humo. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, asiyeshika fimbo. Silaha yake ilikuwa moja: akikuuliza swali, alingoja. Angeweza kungoja mpaka ukasikia kope zako mwenyewe zikipepesa.

"Seli moja ya bakteria haina baba wala mama," alisema. "Hujigawa yenyewe. Moja huwa mbili, mbili huwa nne. Ikipata chakula na joto, kila mgawanyo unaweza kuchukua dakika ishirini tu. Ikianza peke yake saa mbili asubuhi, saa sita mchana zitakuwa ngapi?"

Kidomo alihesabu kwa vidole, vikamwishia. Mimi nilipiga hesabu daftarini. "Elfu nne na tisini na sita, Mwalimu."

"Na hakuna atakayezisikia zikiongezeka," alisema.

Mezani palikuwa na trei tatu zenye supu ya nyama iliyogandishwa kwa unga wa mwani. Hicho ndicho kilichokuwa chakula cha bakteria. Kwenye trei ya kwanza Kidomo, aliyetoka kucheza mpira, alibandika kiganja kichafu. Trei ya tatu haikuguswa na mtu. Kwa trei ya pili, Mwalimu alinitazama mimi.

"Kiranja wa afya atatuonyesha mkono safi."

Niliosha kwa sabuni, nikasuuza kwa maji ya pipa la bluu yaliyokuwa kwenye jagi, nikabandika kiganja kikiwa bado chepechepe. Mwalimu alifunika kila trei kwa kioo, akakizungushia utepe wa gundi, akaziweka trei zote kabatini. "Hakuna kufungua," alituonya. "Kitakachoota humu hatukijui. Tutakitazama kupitia kioo."

Jumanne hatukuona kitu. Jumatano trei ya Kidomo ilikuwa na vidoa vya njano, naye akatamba kama mkulima aliyevuna. Yangu ilikuwa na ukungu hafifu tu.

Alhamisi Mwalimu alipofungua kabati, hakuna aliyecheka. Ndani ya trei ya pili kulikuwa na mkono. Ulikuwa mweupe, unang'aa kwa unyevu, umetuna kidogo juu ya supu, vidole vyote vitano vimekamilika. Kwenye kidole gumba palikuwa na mstari mtupu usioota kitu, pale pale penye kovu langu la mkasi wa mama. Wa Kidomo ulikuwa vidoa vilivyotawanyika. Wangu ulikuwa mkono kamili, na ulionekana mkubwa kuliko mkono wangu halisi.

"Unataka kutoka," Kidomo alininong'oneza.

Mwalimu aliinama juu ya kioo kwa muda mrefu. "Mkono uliooshwa umeota kuliko usiooshwa," alisema. "Trei ya tatu ni safi, kwa hiyo supu haina kosa. Kuna jambo mmoja wetu halijui, au analijua na hajalisema." Kisha akangoja. Nilitazama sanamu. Jicho lake lisilo na ngozi lilikuwa limenielekea, na nyuma yake niliona ukingo wa kopo. Nilitulia tuli kama maji mtungini mpaka kengele ikaniokoa.

Nje, mwalimu wa darasa la kwanza alinisimamisha. Kitinda alikuwa ametapika na kuharisha, na hakuwa peke yake. Watoto wanane hawakuja shule siku ile.

Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani. Mama ni fundi cherehani, na chumba chetu kilijaa nguo za watu zilizotundikwa ukutani bila watu ndani. Kila siku nilizipita bila kuziona. Siku ile, upepo ulipozisukuma, ilionekana kama kuna umati umekuja kumtazama mdogo wangu. Mama alimlaza kwenye mkeka chini ya meza ya kukatia.

Nesi alikuja alasiri, akiwa katika mzunguko wa nyumba za watoto wagonjwa. Alifinya ngozi ya tumbo la Kitinda kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama, kisha ikarudi polepole. Macho ya Kitinda yalikuwa yamedidimia. Nilipomshika mkono, ulilegea. Wiki iliyotangulia tulitumbukiza vipande vya kiazi kwenye maji ya chumvi, vikapoteza maji yake na kukunjika bila kuvunjika, na Mwalimu akasema ndivyo seli zinavyokuwa maji yakizikimbia. Nilipata mia kwa mia katika zoezi lile. Sasa kipande cha kiazi kilikuwa mkono wa mdogo wangu.

"Mpeni dawa hii ya chumvi na sukari, kidogo kidogo, kwa maji yaliyochemshwa," Nesi alisema, akimkabidhi Mama pakiti. "Asipopata nafuu kufikia kesho mchana, au akilegea zaidi ya hivi, mleteni upesi tumtundikie dripu." Kisha akauliza, "Maji ya shule yanatiwa dawa kila siku?"

Mama alijibu kabla sijafungua mdomo. "Hilo ondoa shaka, Nesi. Huyu mwanangu ndiye anayetia. Halali mpaka apige pasi beji yake." Na akanitazama kwa fahari iliyonichoma kuliko bakora.

Nesi naye alinitazama. Kitinda alinitazama. Nguo ukutani zilisogea.

Sikusema kitu. Huo ndio uliokuwa uongo wangu mkubwa kuliko yote, na haukuwa na hata neno moja.

"Basi itakuwa chakula," Nesi alisema. "Kesho jiko la shule lifungwe mpaka tujue."

Ijumaa mpishi wetu alikaa kwenye ngazi za jiko lililofungwa, mikono mapajani, akilia bila sauti. Nilijaza pipa kama kawaida, nikainua kalamu, lakini mkono ukagoma. Niliiacha tarehe ile tupu, nikaenda chumba cha sayansi. Sitaficha nilichokusudia: nilitaka kuitoa trei yangu na kuitupa shimoni.

Chumba kilikuwa kitupu na cheupe. Nilifungua kabati. Vidole ndani ya trei vilikuwa vimerefuka tangu jana, ncha zake zimekaribia ukingo. Sijui kwa nini, niliweka kiganja changu juu ya kioo. Kilikaa sawasawa, kidole juu ya kidole, kovu juu ya mstari mtupu, ila ule wa chini ulizidi kunizunguka pande zote kama kwamba umenishika. Kioo kilikuwa na uvuguvugu. Nikaelewa kwamba hakikuwa kitu kigeni kilichoingia humo. Kilikuwa ni maji niliyowanywesha watoto kwa wiki tatu, na yalikuwa yamejiandika kwa mkono wangu.

Hapo nikasikia mlio kutoka nje. Ting, ting, ting. Vikombe vya bati. Jiko lilikuwa limefungwa, hakukuwa na uji, na watoto wa darasa la kwanza waliobaki walikuwa wakiyajaza matumbo yao kwa maji.

Nilinyakua kopo nyuma ya sanamu nikakimbia. Nadhani niliiangusha, maana nilisikia moyo wake wa plastiki ukibiringika sakafuni. Nilifika barazani, nikalitupa kopo chini, nikalikumbatia pipa, nikalisukuma kwa nguvu zangu zote. Likaanguka. Maji yalimwagika ngazi zote hadi uani, na watoto wakabaki wamesimama na vikombe vitupu wakinishangaa.

"Msinywe," nilisema. "Hayana dawa. Hayajatiwa dawa wiki tatu sasa."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa. Hakuuliza swali. Alingoja tu, na safari hii nilijibu. Nilimwambia kuhusu dirisha, mvua, uji mweupe, alama za vema na swali la Nesi. Nililia mpaka kamasi zikanitoka.

Nesi alipelekewa habari saa ile ile. Alikuja na chupa, akachukua maji ya tangi, na akapanda ngazi kukagua mfereji wa paa, ambao ulikuwa umejaa kinyesi cha ndege. Vipimo vya zahanati vilithibitisha kuwa maji yale yalikuwa na vijidudu vya kuharisha. Tangi lilisafishwa, vidonge vipya vikaja, na jiko likafunguliwa. Nilikwenda kumwomba radhi mpishi. Aliniambia, "Mwanangu, mimi nimekusamehe, lakini usiku niliokesha nikijilaumu hautarudi." Nilijikaza kisabuni nikasema ndiyo, mama.

Watoto wawili walilazwa wakatundikiwa dripu, na mmoja wao alikuwa Kitinda. Nilikaa kando ya kitanda chake nikihesabu matone. Siku ya pili aliomba muwa, Mama akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi hakunigombeza. Alisema tu, "Mficha maradhi kilio humfichua," akageukia upande wa pili.

Jumatatu Mwalimu alizimwagia trei dawa kali ya kuua vijidudu. Aliniacha nitazame mkono ule ukiyeyuka mpaka mwisho. Kisha alinipa lile daftari la maji na kalamu nyekundu.

"Alama kumi na nne," alisema. "Kando ya kila moja andika 'si kweli', kwa mkono wako."

Niliandika. Ilinichukua muda mfupi kuliko nilivyoogopa, na nikamwambia hivyo.

"Unaona," alisema kwa upole. "Siku ya kwanza ulikuwa na kosa dogo na uongo mmoja. Ungeniambia asubuhi ile, tungeomba vidonge vingine na mambo yangeisha. Uliuacha uongo mahali penye joto na giza, nao ukafanya kama seli. Ukajigawa. Kukosea si aibu, mwanangu, hata mimi ninakosea. Lakini kosa linatibika likiwa bado changa. Ukiona umekosea, sema siku hiyo hiyo, hasa ikiwa kuna mtu anayekunywa maji kwa kukuamini wewe."

Beji alipewa Kidomo. Mimi niliomba niendelee kuchota maji, nikakubaliwa, na sasa daftari lina safu mbili: anayetia dawa anatia sahihi, na anayemwona akitia anatia sahihi. Tulirudia jaribio lile na maji yenye dawa. Trei yangu ilipata vidoa viwili tu, vidogo kama punje za chumvi.

Kitinda amenenepa tena. Ananipenda kama zamani, na bado anataka nimbebe mgongoni. Lakini asubuhi, akifika barazani na kikombe chake, haniulizi tena kama yako tayari.

"Dada," huniambia, "nionyeshe kopo."

Namwonyesha. Hulitazama ndani, hunusa maji, husoma sahihi zote mbili kwa kidole, ndipo anywe.