Shimo la Kumbikumbi

Kila kulipokucha Waridi alishika mtungi akaenda kijitoni. Hakwenda mbali, kwa sababu mbali hapakuwa na ruhusa. Kijito kilipita ndani ya ua wa miti ambamo watumwa wa Bwana Faradji walilala, na lango la ua lilifungwa kwa nje kwa gogo. Ngoma ya kazi ikilia, nyapara Atumani hulifungua, watu wakaenda kwenye mpunga. Siku za mvua kubwa halikufunguliwa kabisa, maana mabwana walisema mtumwa asiye na kazi hutafuta njia ya kutoroka.

Juu ya ua, karibu sana, lilikuwa bwawa. Bwana Faradji alilijengesha kwa mikono ya watu hao hao, ili mpunga wake wa huko Kasongo usikose maji. Alikuwa na haraka. Udongo wa tuta la kuzuia maji ukamwagwa juu ya visiki, wala hakuna aliyepewa nafasi ya kuving'oa. Visiki vikaoza, mchwa wakahamia ndani ya tuta. Pembeni palikuwa na mkato wa kutolea maji yakizidi. Bwana akauziba kwa miti na udongo asipoteze hata tone. Nyumba yake mwenyewe aliijenga kilimani, bila shaka.

Juzi mvua ilipopumzika kidogo, kumbikumbi walifuka tutani kama moshi. Waridi na rafiki yake Faida, waliokuwa wakifukuza ndege kwenye mpunga, wakafanya kama mama zao walivyofanya kwenye vichuguu. Walichimba shimo hapo hapo tutani, wakalifunika kwa majani ya migomba na kuacha kitundu cha mwanga. Kumbikumbi wakakimbilia mwanga, wakaangukia shimoni. Wasichana wakazidi kuchimba mpaka mkono wote ukaingia. Jioni ile mdogo wake Waridi alilala ameshiba.

"Mumewatoa wapi wengi hivi?" mama yake, Subira, aliuliza.

"Kichuguuni, mama. Kule shambani."

Mvua ikarudi, haikukatika tena. Lango likabaki limefungwa.

Asubuhi hii Waridi aliinama kuchota, akasita. Maji ya kijito yalitoka chini ya tuta, na siku zote yalikuwa safi. Leo yalikuwa mekundu kama udongo wa kukandika nyumba. Akainua macho. Pale chini ya shimo lao, maji mazito yalikuwa yanabubujika, yakilibeba tuta kidogo kidogo.

"Nyamaza," Faida alimnong'oneza. "Tukisema watatuchapa mpaka ngozi itoke. Mvua itaisha."

"Na tuta likiisha kabla ya mvua?"

Waridi aliutazama ua pande zote. Mti kwa mti, kamba kwa kamba, hapakuwa na pa kupenya hata panya. Mdogo wake alikuwa bado amelala kibandani, mdomo wazi.

Akamwendea mama yake. "Mama, nilikudanganya. Kumbikumbi tuliwachimba tutani."

Subira hakumpiga. Alichungulia kijito, akanyakua mchi, akaanza kuugonga kwenye lango. Wanawake wengine wakaja na michi yao.

Atumani alifika mbio, kiboko mkononi. "Kelele ya nini? Munataka kutoroka?"

"Maji iko mekundu, Atumani! Fungua mkato wa bwawa!" Subira akapaza sauti.

"Mimi? Bwana iko Nyangwe. Akirudi akute mpunga umekauka, atakatwa shingo nani? Wewe?"

"Basi fungua lango."

"Lango nalo si langu."

"Lango si lako, mpunga si wako," mwanamke mmoja akadakia. "Sasa Bwana alikuachia nini, baba? Kiboko na mate?"

Watu wakacheka, kicheko kikavu. Waridi hakucheka. Aliona Atumani akitupia jicho nyumba ya Bwana kule kilimani. Naye alikuwa amenunuliwa kama wao. Ua wake haukuonekana tu.

Msichana akaubana uso kati ya miti miwili. "Baba Atumani, ni mimi. Nilichimba tutani, mkono muzima. Nenda uone majani ya migomba. Bwana akiuliza, mwambie Waridi wa Subira ndiye aliyeharibu, na wewe ndiye uliyeokoa bwawa lake. Lakini fungua kwanza."

"Na Faida," Faida mwenyewe akasema nyuma yake.

Atumani alipanda tutani. Alirudi akikimbia, bila kiboko, akalivuta gogo.

Wazee na watoto wakakimbizwa kilimani. Waliobaki wakaushambulia mkato kwa majembe na mikono. Maji yakalipuka kando, yakatelemka msituni kwa kishindo, na bwawa likaanza kupungua. Muda si muda kipande cha tuta, kikubwa kama kibanda, kikaporomoka. Maji yaliyobaki yakaingiza tope vibandani, hayakuchukua mtu.

Bwana Faradji aliporudi hakuuliza nani aliyezika visiki, wala nani aliyeziba mkato. Aliuliza jina la mtoto. Waridi na Faida wakachapwa, kisha wakabeba vikapu vya udongo mpaka kiangazi. Lakini safari hii visiki viling'olewa, na mkato ukaachwa wazi, maana hasara ya pili hata Bwana aliiogopa.

Jioni moja Subira alikuwa anamwosha bintiye udongo mabegani.

"Mama, visiki walizikisha mabwana. Mbona tunabeba sisi?"

"Kwa sababu kiboko iko mikononi mwao, mwanangu. Kosa lao walilinyamazia, nusura lituue. La kwako ulilisema, ndiyo maana mdogo wako iko anacheza pale. Lakini ulichelewa. Ungeniambia jioni ile ya kumbikumbi, shimo lingezibwa kwa udongo wa kikapu kimoja. Kosa liseme lingali dogo, Waridi, hata kama mbele yako iko mtu wa kuogopwa."

Nje, Atumani akaliangusha gogo langoni. Mbali kidogo, kwenye mkato, maji yaliyozidi yalikuwa yanajipitia.