Kompyuta Mbili za Mlowo

Tusekile ni rafiki yangu, fundi wa kompyuta pale Tunduma. Mwaka jana aliitwa Mlowo na ndugu wawili walioishi nyumba moja bila kusemezana tangu wamzike mama yao. Goodness alitaka kusikia sauti ya mama, ambayo mama mwenyewe aliirekodi akigawa shamba la kahawa. Sauti hiyo ilikuwa kwenye kompyuta ya kaka yake, Venance, chumba cha pili, na kompyuta zao, zilizounganishwa kwa waya, zilikuwa hazionani.

"Ameifunga makusudi," Goodness alisema.

"Mwambie huyo sijagusa kitu," Venance akajibu kutoka chumbani kwake.

Tusekile alikagua waya, akabadilisha mipangilio, akazima na kuwasha. Zikagoma. Alipokaa kwenye kompyuta ya Venance ndipo akaona.

"Kaka, sauti umeificha wewe mwenyewe. Umenipotezea siku nzima."

Venance alichomoa kwa hasira waya wa umeme uliolisha kompyuta yake na taa ya chumba. Vyote vikazimika, na chumba kile hakikuwa na dirisha. Tusekile akasikia bati la kompyuta likifunguliwa kwa nguvu.

"Basi hakuna atakayesikia," Venance alisema gizani.

Alikuwa ameng'oa diski iliyohifadhi sauti ya mama, aivunje. Tusekile akapapasa, akamnyang'anya, akaikumbatia.

Ndipo Goodness akaita kutoka chumbani kwake.

"Dada Tuse, sasa naiona. Imefunguka. Mama anaongea."

Diski ile, isiyo na waya hata mmoja, ilikuwa inazunguka na kuunguruma kifuani pa Tusekile.