Neno Juu ya Kaburi la Martha

Siku ya gulio sokoni Bariadi watu wanapishana kwa mabega, na ndipo bodaboda mmoja alipomsukumiza Mwalimu Luhende juu ya vitenge vya Specioza, vyote chini. Specioza, gauni la njano limemkaa barabara, akamwambia aviokote na kimoja anunue. Akanunua viwili. Yakaanza hapo, simu asubuhi, simu mchana, mpaka ikapangwa Jumamosi ya wazee wa Luhende kupeleka barua ya posa.

Wiki ileile picha ikaingia kwenye simu ya Luhende, na simu iko mkononi mwa Specioza. Fundi ametuma picha ya jiwe alilochonga la kaburi la Martha, mke wa Luhende aliyefariki miaka mingi kabla ya siku ile ya gulio. Chini limeandikwa Kiingereza: *Your devoted husband.*

Specioza akauliza hiyo devoted maana yake nini. Mjanja angesema "mpendwa", yakaisha. Lakini mwalimu wa Kiingereza ana ugonjwa wake. Akaeleza kwamba ni mtu anayependa kwa moyo wote na haachi, iwe raha iwe shida. Husemwa mama devoted, rafiki devoted, mume devoted.

"Basi wewe bado una mke," Specioza akasema. "Waambie wazee wasije."

Jamani, mke mwenza aliye hai ana nafuu, utamnunia, utamsema kwa majirani. Marehemu utamfanya nini? Martha hazeeki wala hazidishi chumvi. Specioza akakataa kupokea simu. Alilia huku akikunja vitenge, maana alimpenda yule mwanaume, na hilo ndilo lililomuuma.

Ijumaa Luhende akaja mwenyewe, shati limelowa jasho. Akasema kaburi lilikuwa udongo mtupu miaka yote, na aliona aibu kuoa wakati Martha amelala kama mtu asiye na kwao.

Specioza hakumtazama. "Na mimi nikifa utaniandikia nini?"

"Martha nimemwandikia kwa sababu hanisikii tena. Wewe nitakwambia ukiwa hai, kila siku, mpaka unichoke."

Specioza akakunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena.

"Wazee waje kesho," akasema. "Lakini hilo devoted mwachie Martha mwenyewe. Mimi nitafutie langu."