Sauti Ndani ya Mlango wa Kushoto

Jua lilikuwa linazama niliporudi gereji kubandua karatasi za gundi nilizofunikia vioo. Zikichelewa, hubanduka na rangi. Gari lenyewe lilikuwa la zamani. Kijana wa mama mmoja mshonaji wa mtaani kwetu alilinunua likiwa bovu, akalipiga msasa kwa mikono yake mwenyewe, kisha homa ikamchukua kabla hajalipaka hata tone.

"Fundi, nimalizie alichoanza mwanangu," mama aliniambia alipolileta.

Rangi ya kijani ilitoka safi, inang'aa. Isipokuwa mlango wa kushoto. Pale rangi ilikuwa imevimba malengelenge, kama ngozi iliyoungua.

Niliinama kuangalia. Ndipo nikasikia...

Kwaru. Kwaru.

Ndani ya mlango.

"Panya tu," nikajipa moyo. Nikachukua bisibisi, nikaanza kuchomoa kava ya ndani, klipu moja moja. Harufu ikanipiga usoni. Si petroli, wala tina ya kuchanganyia rangi. Harufu ya chumba cha mgonjwa... jasho, dawa, shuka zisizofuliwa.

Kulikuwa na kifurushi cha kitambaa cheusi, kimeshonwa kwa mkono stadi. Nywele zimechomoza kwenye mshono.

Kikapumua.

"Mama..." Sauti kavu, ya mtu aliyelala muda mrefu. "Mama, nimechoka. Niache niende."

Nilipogeuka nikimbie, yule mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mkoba kaukumbatia kifuani.

"Umeufungua," akanong'ona.

"Mama, kuna mtu humu!"

"Najua, mwanangu. Nilimwomba mganga amzuie asiende mbali. Basi."

"Lakini anateseka. Si unamsikia?"

"Namsikia kila siku." Machozi yalimtiririka, hakuyafuta. "Ungeijua nyumba yangu ilivyokuwa kimya baada ya maziko, usingenitazama hivyo."

Nikanyoosha mkono nikitoe. Akaniwahi. Alipiga magoti, akakipapasa kile kifurushi polepole, kama anayembembeleza mtoto mchanga alale. Sauti ikaomba tena, chini zaidi. Nami, mtu mzima na ndevu zangu, nikalia.

"Vumilia kidogo, baba," akamwambia. "Mama hajawa tayari."

Akairudisha kava kwa viganja vyake, akaibana mpaka ikashika. Akaondoka na gari jioni ile ile, rangi bado mbichi.

Huyo mganga simjui, wala sijui alifanya nini. Mama huwa namwona akipita, anaendesha taratibu, kainamia upande wa kushoto, midomo inacheza.

Juzi alikwama kwenye foleni mbele ya gereji. Amekonda, mifupa mitupu, anakohoa. Nikamsogelea nimsalimie. Kioo kilikuwa kimeshushwa, na sauti nikaisikia vizuri. Haikuwa inaomba tena. Ilikuwa laini, na yenye subira.

"Nimeshazoea huku, mama... Njoo basi tukae wote."

Na yule mama, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa anatabasamu.