Uso wa Bavon

Jumapili, tarehe tisa mwezi wa tatu, mwaka 2025, saa mbili asubuhi. Katika chumba cha nyuma mtaani Simi-Simi, Carlos, mkubwa wa genge, aliweka bastola mezani na kuupanga wizi.

"Watu wakiwa ku misa, tunaingia kwa ule mununuzi wa diamant. Saa tano tuko ku mto. Nephtali anangoja na pirogue. Camille, umutumie mahali ya kutungojea. Ndani ya picha."

Hiyo ndiyo kazi ya Camille. WhatsApp huibana kila picha na kumeza vilivyo vidogo. Basi yeye huficha herufi katika mapande mapana ya mwanga na kivuli, na kuzirudia kotekote. Picha hubanwa, neno hubaki. Jicho halioni kitu. Simu za genge pekee ndizo huandika na kusoma.

"Picha gani, mukubwa?"

"Ya ndugu yako. Mama yenu anaituma kila siku ya Mungu ku groupe ya paruasi. Nani atashuku marehemu?"

Bavon, mdogo wake, hakurudi kutoka wizi wa Isangi mwaka jana. Camille hakuwemo. "Maji imemubeba," Carlos alisema. Tangu hapo Camille humwona mdogo wake kila penye maji, hata ndani ya ndoo. Alitaka jambo moja tu: kujua.

Tangu matanga hakuthubutu kuifungua picha ile. Sasa akaifungua. Shati jeupe, tabasamu. Carlos ndiye aliyeipiga asubuhi ya safari, akaituma kwa Nephtali, na kwa mama kama salamu. Mama hakuwa na nyingine nzuri, akaifanya ya matanga. Kabla ya kuandika, simu husoma kwanza. Ikasoma:

NEPHTALI, UMUACHE BAVON.

Mwaka mzima mama yao alikuwa akiisambaza hukumu ya mwanawe kwa waumini wa parokia pamoja na rozari. Carlos alidhani kubanwa kwa mwaka mzima kumeifuta.

"Iko nini? Umeona muzimu?"

"Réseau ya simu iko chini, mukubwa. Bon. Imeenda."

Saa tano. Almasi mfukoni, king'ora nyuma yao, wakateremka mbio hadi ukingoni. Patupu. Katikati ya mto Nephtali alikuwa akiupigia kasia mtumbwi wake kwenda zake. Huyo hajawahi kubishana na picha.

"Pirogue iko wapi?"

"Soma picha."

Carlos akainyakua simu ya Camille, akausoma uso wa Bavon. Jina moja tu lilikuwa limebadilika.

"Na wewe? Utabakia na mimi hapa?"

"Mimi nilibakia tangu mwaka jana."

Bastola ililia mara moja. Polisi walimkamata Carlos juu ya maiti. Camille alikuwa ameanguka uso ukielekea majini, kama aliyeitwa.

Siku hizi mama yao, Mama Germaine, hutuma picha mbili, za wanawe wote wawili. Zikikufikia, ndugu msomaji, usizifute. Mpitishie mwenzako, hata zikibanwa vipi.