Wimbo wa Mama Mpishi

Asubuhi, Hesabu alipiga mswaki huku anachemsha chai, asipoteze muda. Hilo si jina lake la nyumbani. Wenzake walimpachika kwa sababu binti huyo hainui hata kijiko kabla hajajiuliza, "Nitapata nini, nitapoteza nini?"

Siku hiyo kwaya ya darasa lake ilikuwa na zoezi la mwisho. Kesho yake mpishi wa shule, aliyewalisha tangu wakiwa vibogoyo, angestaafu, nao ndio wangemwimbia.

Hesabu akawaza: nikiimba, koo litakauka, nisipoimba, tuko wengi, nani atajua? Mwalimu alipoinua mkono, akapanua mdomo wee, sauti hakutoa.

Kumbe darasa zima limewaza vilevile! Midomo inapanuka kama ya samaki, chumba kimya. Aliyesikika ni Chura peke yake, mvulana mwenye sauti ya kukwaruza. Wenzake wakaangua kicheko. Chura akageuka huku na huku, lakini akaimba mpaka mwisho wa ubeti.

Mwalimu hakucheka. "Mkiwa hivi, kesho wimbo hakuna. Mama Mpishi atapewa mkono tu, aende zake. Nitawasikiliza tena asubuhi."

Nyumbani, Hesabu alimkuta bibi yake anachambua mchele. Akamsimulia yote.

"Kitendawili!" bibi akasema.

"Tega!"

"Wengi wamebeba mzigo, mzigo uko chini."

"Aa, bibi! Si ndio sisi? Kila mmoja kamwachia mwenzake. Hilo naelewa. Nisiyemwelewa ni Chura. Kachekwa, koo linamuuma, na hapati kitu. Kwa nini aliimba?"

"Unaniuliza mimi? Mdomo anao, kamuulize mwenyewe."

Asubuhi akamsubiri Chura getini.

"Nilipohamia hapa sikuwa na rafiki," Chura alisema. "Mama Mpishi alikuwa ananiita jikoni nimwimbie akikoroga sufuria. Sasa leo anaondoka, ninyamaze?"

"Hata wakikucheka?"

"Wacha wacheke. Kwani wimbo ni wao?"

Hesabu akaenda mbio kwa mwalimu. "Mwalimu, tugawe wawili wawili, kila wawili na mstari wao. Atakayenyamaza atajulikana."

Wakagawanywa, na kweli kila mstari ukasikika. Mchana wakasimama mbele ya Mama Mpishi, naye akatoa leso mapema. Kiitikio cha mwisho hakikugawiwa mtu, kilikuwa cha wote kwa pamoja. Hapo angeweza kunyamaza kila anayetaka, lakini madirisha yalitetemeka. Hesabu alishtukia anaimba kwa nguvu zote, bega kwa bega na Chura.

Jioni alirudi sauti imemkauka.

"Hesabu zako usizitupe, mjukuu wangu," bibi alimwambia. "Zimekuonyesha kwa nini watu wananyamaza, zikakusaidia kuwapanga. Lakini mtu ana shukrani pia, ana mapenzi. Ukiona mwenzako anafanya jambo lisiloingia kwenye hesabu zako, usimwone mjinga. Muulize. Haya, koo limekwisha, umepata nini?"

Hesabu akacheka, akavuta ungo wachambue mchele pamoja.