Barua Isiyo na Kosa

Barua ya kumi na mbili ilikuja bila kosa hata moja, na hapo ndipo Mwandishi alipopaswa kushtuka.

Mtangazaji, yule mwanamke wa ng'ambo aliyepewa kazi ya kukinadi kitabu chake magazetini na redioni, alijifunza Kiswahili ukubwani, na ngeli zilimshinda. "Kitabu yako imependwa sana," angeandika. "Redio moja anataka kuongea na wewe." Mwandishi alimsomea mumewe barua hizo mezani, na mumewe, fundi seremala, akatabasamu kwa mbali.

"Mwambie aje," alisema siku moja, "hizo ngeli nitamnyooshea kwa randa."

Kicheko kilikuwa adimu mle ndani tangu binti yao wa pekee afariki. Walimwita Chiriku kwa jinsi alivyopenda kusema. Homa ilimchukua kwa siku moja tu, akiwa na miaka minane. Sasa ulikuwa mwaka wa pili, na viatu vyake vya shule bado vilikuwa chini ya kabati. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuvigusa.

Basi barua hiyo ya kumi na mbili ilinyooka kama ubao uliopigwa randa. Ilianza kwa habari za mahojiano, ikaendelea kwa salamu, na mwishoni ikauliza: "Siku ile ulipokuwa unaandika sura ya mwisho, mlango uligongwa mara ngapi?"

Hakuna aliyejua. Siku ile alikuwa amejifungia chumbani, zimebaki kurasa tatu, Chiriku akaja akagonga. "Mama, kichwa." Akamjibu bila kugeuka, "Ngoja nimalize." Mtoto akagonga tena, akaambiwa angoje tena. Mwandishi alipofungua, jua lilikuwa limeshuka, na Chiriku alikuwa amelala kizingitini, macho yamegeuka. Watu wote, mumewe akiwa wa kwanza, aliwaambia kwamba mtoto alikuwa kitandani, usingizi wa mchana, homa ikampanda ghafla.

Akaandika kwenye kompyuta: "Nani kakwambia?"

Jibu likaingia kabla hajaondoa mkono. "Wewe, mama."

Tangu hapo, kila siku saa tisa alasiri, barua ilikuja. Ilitangulia harufu: ile dawa ya maji ya homa ya watoto, yenye utamu wa kuchefua, ikijaa chumba kizima ilhali nyumbani hapakuwa na chupa yake hata moja. Kisha mlango ungegongwa, taratibu, chini, usawa wa kiuno cha mtu mzima. Akifungua, ukumbi mtupu. Ila siku moja aliinama akagusa kizingiti, akakikuta kina joto, joto la mahali alipokuwa amelala mtu.

Hakumwambia mumewe. Angemwambia nini? Na kusema kweli, hakutaka barua zikome. Ziliongea kama Chiriku: jino lipi lilikuwa linatikisika, nani alimnyang'anya kamba ya kuruka, kwa nini uji wa baba ni mtamu kuliko wa mama. Mama aliyefiwa, hata kivuli atakipokea. Mwandishi akawa hali, halali, anasubiri saa tisa tu.

Mwezi ulipotimia, barua ikasema: "Mama, huyu mwenzako wa ng'ambo ana mimba ya miezi saba. Pale pana nafasi. Andika neno moja tu, 'Ingia', nami nitazaliwa tena."

Alikaa akiitazama mpaka maneno yakaogelea. Nani asingetamani? Akaweka vidole kwenye kibao cha herufi. Akaandika herufi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

Simu ikalia.

"Dada," ilikuwa sauti ya Mtangazaji, ananong'ona kama mtu aliyejificha, "nakuomba acha. Barua yako inakuja kila siku. Unaandika 'nifungulie', 'nifungulie', tu. Na hapa mlango anagonga, mimi naenda, hakuna mtu. Mtoto yangu tumboni ameacha kucheza tangu jana."

"Mimi?" Mwandishi aliuliza. "Mdogo wangu, mimi sijakuandikia mwezi mzima."

Mtangazaji akaanza kulia. "Basi ni nani?"

Mwandishi alizitazama zile herufi nne. Akazifuta moja moja, kila moja ikimuuma kama jino linalong'olewa, akatoka kwenda karakana kumwita mumewe. Alimweleza habari za barua na milango. Habari ya siku ile hakuthubutu kuitaja.

Kesho yake fundi alirudi na Mganga, mama mnene mwenye pumu, aliyesimama kizingitini akivuta pumzi kama aliyepanda mlima.

"Huyu si mwanao," alisema hata kabla ya kukaa. "Mwanao kapumzika. Hili ni jini. Limekuta siri imetupwa humu, likaivaa kama kanzu. Mimi nitasoma dua, lakini aliyelifungulia njia ni wewe. Likigonga, ulikatae kwa kinywa chako mwenyewe. Mara tatu."

"Kwa sauti ya mwanangu?"

"Kwa sauti hiyo hiyo, binti yangu. Pole."

Saa tisa ilipofika wakajifungia watatu. Mganga akaanza kusoma, na harufu ya dawa ikapanda, ikawa nzito kiasi kwamba fundi alifunika pua kwa shati, na mlango ukagongwa chini, taratibu, na sauti ikasema, "Mama, kichwa," sauti ile ile, yenye mikwaruzo ya homa, na Mwandishi akauma ngumi yake mpaka damu ikatoka, akasema, "Sikufungulii," na sauti ikaanza kulia, ikamwita kwa majina yote ambayo Chiriku alimwita, ikasema sakafu ni baridi, ikasema nimengoja sana mama, mbona kurasa zako haziishi, na yeye akasema kwa mara ya pili, "Sikufungulii," huku miguu inamvuta kwenda mlangoni na mumewe amemshika mabega, naye mumewe analia, kwa maana naye ameisikia, na kilio kile kikashuka, kikazidi kushuka, kikawa kizito, kikawa sauti ya kitu kikongwe ambacho hakijawahi kuwa mtoto wa mtu, mlango ukatikisika katika bawaba zake, na Mwandishi akapiga kelele, "Sikufungulii!"

Kioo cha kompyuta kikazimika. Pakanuka nywele zilizoungua, halafu hapakunuka kitu.

"Limetoka," alisema Mganga akitafuta pumzi. "Lakini siri ikibaki, litakuta kanzu yake imetundikwa ikilingoja." Akamtazama Mwandishi kwa huruma, akaomba maji, akaenda kuyanywa nje.

Jioni Mtangazaji alipiga simu. Mtoto alikuwa amecheza. Alikuwa akipiga mateke, alisema, "kama mtu anacheza mpira," akacheka na kulia kwa pamoja.

Mwandishi alikata simu, akamwendea mumewe ukumbini, akamwambia yote. Kugonga kwa kwanza. Kugonga kwa pili. Kurasa tatu. Alipomaliza alingoja apigwe, au aachwe, au mlango ubamizwe.

Fundi alikuwa akiitazama mikono yake.

"Asubuhi alikuja kwangu kwanza," alisema. "Karakana. Akaniambia, 'Baba, kichwa.' Nilikuwa na kabati la mteja, gundi inakauka. Sikumgusa hata paji la uso. Nikamwambia, nenda kwa mama yako."

Miaka miwili kila mmoja alikuwa amelia chumbani mwake. Jioni hiyo walikaa sakafuni wakalia pamoja, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.